Elfu Moja na Ishirini na Saba kwa Mmoja

Tarehe 18 Oktoba 2011, kabla hajawaona wazazi wake, kabla hata hajavuka kuingia nchini mwake, mwanajeshi wa Israel Gilad Shalit alikalishwa mbele ya kamera ya televisheni ya Misri akaanza kuulizwa maswali. Alikuwa amekonda, anavuta pumzi kwa shida, na kila swali likiulizwa anangoja mkalimani. Alitekwa 25 Juni 2006 karibu na Kerem Shalom, mpakani mwa Gaza, akiwa na miaka 19, na kwa miaka mitano na ushei Hamas hawakumruhusu hata mtu mmoja wa Msalaba Mwekundu kumwona. Mtangazaji akamuuliza kuhusu maelfu ya Wapalestina waliobaki katika magereza ya Israel. Akajibu kwamba atafurahi nao wakiachiwa, mradi wasirudi kupigana na Israel.

Jibu lile limebeba karibu kila kitu kinachobishaniwa mpaka leo. Lakini halikufika mbali. Kilichozunguka dunia ni namba: wafungwa 1,027 kwa mwanajeshi mmoja.

Wakati ule nilikuwa kwenye dawati la habari za kimataifa la gazeti moja Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuchukua taarifa za mashirika ya habari, kuzigeuza Kiswahili, kuzikata zitoshe kwenye nafasi iliyoachwa na matangazo, na kuzikabidhi kabla ukurasa haujafungwa. Nafasi ya siku ile ilikuwa safu mbili fupi. Namba inakaa vizuri kwenye safu mbili. Nani hao 1,027, walifungwa kwa kosa gani, na mahakama gani iliwahukumu, hayo hayakai.

Kesho yake kijiweni, gazeti likiwa limeshapita mikono mingi na kuingia madoa ya kahawa, nikawasikia wasomaji wangu.

"Unaona, mwanangu? Muisraeli mmoja kwa Waarabu elfu," alisema mzee mmoja mlokole, fundi saa. "Lile ni taifa teule. Halitupi mtu wake."

"Mzee wangu, kwa heshima yako, hapo hapana," akadakia muuza vitambaa. "Wale wamepigishwa magoti. Vijana wa Gaza wamewatoa jasho mpaka wamefungua magereza."

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kikombe chini. "Nyote wawili mnashangilia tusi. Maana yake ni kwamba roho ya Mpalestina ni moja ya elfu."

Nimekutana na hoja hizo tatu mara nyingi tangu siku ile, kwenye daladala zilizobandikwa bendera ya Israel na kwenye bodaboda zinazopeperusha ya Palestina, kwenye mahubiri na kwenye hotuba za Ijumaa. Zote tatu zinaichukulia namba kama kipimo cha thamani ya mtu. Mimi naona namba ile haipimi thamani ya mtu yeyote. Inapima ghala. Mmoja ana ghala limejaa, mwenzake ana punje moja tu, na mwenye ghala anaitaka punje hiyo kwa udi na uvumba. Bei itakuwaje?

Basi tuliangalie ghala lenyewe, maana hapo ndipo habari nyingi hukatika.

Tangu 1967, Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi akikamatwa hupelekwa mahakama ya kijeshi. Mlowezi wa Kiyahudi anayeishi kilima hichohicho akifanya kosa hilohilo hupelekwa mahakama ya kiraia ya Israel. Juu ya hapo kuna kizuizi cha kiutawala: mtu anafungiwa mpaka miezi sita bila kesi, kwa ushahidi ambao yeye na wakili wake hawaoneshwi, kisha miezi sita inaongezwa, na tena inaongezwa. Mzizi wa utaratibu huu ni kanuni za hali ya hatari ambazo Waingereza waliziweka Palestina mwaka 1945. Wazee wa Kenya waliopitia hali ya hatari ya 1952 hawahitaji kuelezwa. Sisi Tanzania nasi tusijifanye wageni wa jambo hili. Tulitunga sheria yetu ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya uhuru.

Kabla ya Oktoba 2023, Wapalestina waliofungwa kwa sababu ambazo Israel inaziita za usalama walikuwa wapatao elfu tano. Baadaye idadi ikapita elfu tisa, na zaidi ya elfu tatu kati yao walikuwa kwenye kizuizi hicho cha bila kesi. Wengine kutoka Gaza waliwekwa chini ya sheria ya 2002 ya wale wanaoitwa "wapiganaji wasio halali", ambayo inampa mfungwa haki chache zaidi. Msalaba Mwekundu haukuruhusiwa kuwatembelea, kama vile Hamas ilivyoukatalia kuwaona mateka. Katika hilo pande hizi mbili zilifanana.

Sasa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ghala lile halina watoto wa kurusha mawe peke yao. Kwenye orodha ya 2011 alikuwemo Ahlam Tamimi, aliyemsindikiza mlipuaji wa mgahawa wa Sbarro mjini Jerusalem tarehe 9 Agosti 2001. Walikufa watu 15 siku ile, saba kati yao watoto. Alikuwa amehukumiwa vifungo 16 vya maisha. Akaachiwa, akaenda Jordan. Familia za waliouawa katika mashambulizi mbalimbali zilikimbilia Mahakama Kuu ya Israel kuomba mpango usimamishwe. Mahakama ikakataa kuingilia. Fikiria uko kwenye benchi lile: upande mmoja wazazi wa Shalit, upande wa pili mzazi aliyemzika binti yake, wote raia wa nchi moja, wote wanalia, na serikali ni moja. Baraza la mawaziri la Netanyahu lilipitisha mpango ule kwa kura 26 dhidi ya 3.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Waisraeli walifanya vile kwa udhaifu. Dini yao ina amri ya kumkomboa mateka, na humohumo kwenye Talmud, kitabu chao cha sheria za dini, kuna onyo kwamba mateka asikombolewe kwa zaidi ya thamani yake, ili watekaji wasizoee. Amri na onyo vimekaa pamoja kwa karne nyingi. Rabi Meir wa Rothenburg, katika karne ya 13, anasimuliwa kwamba aliwakataza wafuasi wake wasimlipie fidia, akafia gerezani mwaka 1293. Kwa Waislamu pia kumkomboa mateka ni jambo kubwa. Watoto wa madrasa wanajua kisa cha mateka wa Badr, ambao baadhi yao waliachiwa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Hakuna jambo geni hapa la kufanya taifa moja lionekane la ajabu.

Na 2011 haikuwa mara ya kwanza wala haikuwa bei kubwa kuliko zote. Novemba 1983 Israel iliwaachia wafungwa wapatao 4,700, wengi wao kutoka kambi ya Ansar kusini mwa Lebanon, ikapata wanajeshi sita. Mei 1985 ikawaachia 1,150 kwa wanajeshi watatu waliokuwa mikononi mwa kundi la Ahmed Jibril. Kati ya hao 1,150 alikuwemo shekhe mmoja wa Gaza, mlemavu wa kiti cha magurudumu, jina lake Ahmed Yassin. Miaka miwili na nusu baadaye akaanzisha Hamas. Januari 2004, kwa upatanishi wa Ujerumani, zaidi ya wafungwa mia nne waliachiwa kwa mfanyabiashara mmoja na miili mitatu ya wanajeshi. Julai 2008 Samir Kuntar, aliyefungwa kwa mauaji ya Nahariya ya 1979, alirudi Lebanon pamoja na wenzake wanne na miili karibu mia mbili. Israel ikapokea majeneza mawili.

Ukiyapanga namna hii unaona hofu ya watu wa usalama inatoka wapi. Baada ya 2008 waziri wa ulinzi Ehud Barak aliunda kamati chini ya jaji mstaafu Meir Shamgar iweke mipaka: bei isiwe kubwa, hai kwa wachache, maiti kwa maiti. Kamati ikakabidhi ripoti yake Januari 2012, miezi mitatu baada ya Shalit kurudi. Sehemu kubwa ikabaki siri, na mapendekezo hayakufanywa sheria. Nchi ilijua inachotakiwa kufanya, ikajua pia haitaweza kukifanya siku mama wa mateka atakapopiga hema nje ya ofisi ya waziri mkuu.

Halafu kuna Yahya Sinwar, aliyekuja kuwa kiongozi wa Hamas Gaza. Watu wa Israel wanaosema "tuliwaachia, wakaturudia" hawana haja ya mfano mwingine. Alihukumiwa vifungo vinne vya maisha mwaka 1989, kwa mauaji ya Wapalestina aliowatuhumu kuwa vibaraka na kwa kupanga utekaji na mauaji ya wanajeshi wawili. Akakaa ndani miaka 22. Humo alijifunza Kiebrania mpaka akawa anasoma magazeti ya wanaomlinda. Mwaka 2004 daktari wa meno wa gereza, Yuval Bitton, alimwona hayuko sawa, akashauri akimbizwe hospitali. Madaktari wa Soroka, Beersheba, wakampasua kichwa na kuokoa maisha yake. Bitton baadaye akawa ofisa wa ujasusi wa magereza, akakaa na Sinwar saa nyingi za mazungumzo, na alipinga kuachiwa kwake. Sinwar akatoka kwa ajili ya Shalit. Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wake walipovuka uzio wa Gaza kuishambulia Israel, mpwa wa daktari yule aliuawa katika kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Nir Oz na mwili wake ukabebwa kupelekwa Gaza.

Hakuna mwandishi wa tamthilia angethubutu. Na kwa sababu kisa hiki kina nguvu hivyo, kimeua mjadala. Ukikitaja tu, kila mtu ananyamaza, kana kwamba yamekwisha.

Hayajakwisha, na hapa ndipo ninapoachana na wachambuzi wengi wa usalama. Wanatusimulia kilichotokea Israel ilipowaachia wafungwa watekaji. Hawatusimulii kilichotokea ilipoombwa na wasioteka. Julai 2013, katika mazungumzo yaliyosimamiwa na John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Israel ilikubali kumpa Mahmoud Abbas, rais wa Mamlaka ya Palestina, wafungwa 104 waliokuwa ndani tangu kabla ya mkataba wa Oslo, kwa mafungu manne. Mafungu matatu yalitoka, watu 78. La nne lilipaswa kutoka mwishoni mwa Machi 2014. Likazuiwa, kila upande ukamlaumu mwenzake, na Aprili mazungumzo yakafa. Juni mwaka uleule, baada ya vijana watatu wa Kiisraeli kutekwa Ukingo wa Magharibi, jeshi liliwakamata upya makumi ya waliotoka kwa mpango wa Shalit.

Sasa jiweke mahali pa mama wa Ramallah ambaye mwanawe yuko ndani tangu 1990. Aliyemteka mwanajeshi mmoja katoa watu 1,027. Aliyevaa suti, akaketi mezani, polisi wake wakashirikiana na polisi wa Israel, katoa 78 na mlango ukafungwa. Utamheshimu nani? Wachambuzi wanasema kubadilishana kunawafundisha Hamas kuteka. Ni kweli. Lakini somo lile lina ukurasa wa pili, na huo uliandikwa na waliomnyima Abbas. Nimesoma tahariri nyingi juu ya ukurasa wa kwanza. Juu ya wa pili ni za kutafuta kwa tochi.

Sisi watu wa huku tuna sababu ya ziada ya kupotoshwa kuhusu jambo hili, nayo ni Entebbe, uwanja wa ndege wa Uganda ambako abiria wa ndege iliyotekwa walishikiliwa. Kizazi cha wazazi wangu kiliijua Israel kupitia usiku ule wa 3 kuamkia 4 Julai 1976: ndege za Hercules, dakika zisizofika mia, mateka 102 wanarudi, Idi Amin anaaibika. Funzo lililobaki midomoni ni kwamba Israel haijadiliani na watekaji, inakuja kuwachukua watu wake. Ukweli ni kwamba tarehe 1 Julai baraza la Yitzhak Rabin lilikuwa limeshakubali kujadiliana. Watekaji walitaka wafungwa 53 kutoka nchi tano, na mojawapo ya nchi hizo ilikuwa Kenya. Wafungwa wa Kenya walikuwa Wapalestina watatu na Wajerumani wawili waliokamatwa Nairobi mapema mwaka ule kwa njama ya kuitungua ndege ya El Al, shirika la ndege la Israel. Kenya haikuwa nao. Ilishawakabidhi Israel kimyakimya, wakapelekwa huko kufungwa kwa siri. Yaani hata kama Nairobi ingetaka kulipa, mfuko ulikuwa mtupu.

Na katika usiku ule kuna waliokufa ambao hawamo kwenye simulizi: makumi ya askari wa Uganda waliokuwa zamu uwanjani, na Wakenya walioishi Uganda wakalipizwa kisasi na watu wa Amin kwa sababu ndege zile zilijaza mafuta Nairobi. Bibi Dora Bloch, mmoja wa mateka, aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, tunamjua kwa jina, na ni haki kumjua, aliuawa kinyama. Wale wengine hawana hata orodha.

Hili la majina ndilo lililonikera zaidi Novemba 2023. Nilikuwa nimeshaacha gazeti, naandikia redio. Mapumziko ya vita yakaanza tarehe 24, na siku ya kwanza wakatoka Waisraeli 13, Wathailandi 10 na Mfilipino mmoja. Upande wa pili wakatoka Wapalestina 39, wanawake 24 na vijana 15. Taarifa zilizoingia kwenye kompyuta yangu jioni ile zilikuwa na jina, umri, picha na kisa cha kila Muisraeli: huyu anapenda mpira, huyu bibi yake anamsubiri. Sina neno na hilo. Ndivyo habari inavyotakiwa kuandikwa. Wale 39 wakapewa sentensi mbili. Na hakuna angeweza kusingizia kukosa taarifa, kwa sababu wizara ya sheria ya Israel yenyewe ilikuwa imechapisha orodha ya watu 300 wanaoweza kuachiwa, jina kwa jina, umri na tuhuma. Ilikuwa wazi kwa kila mwenye intaneti. Nikakaa nayo usiku ule. Wengi ni vijana wa kiume wa miaka 16, 17, 18. Wengi hawajahukumiwa. Tuhuma za mawe zinafuatana, halafu ghafla moja ya kuchoma mtu kisu, halafu mawe tena. Ingetosha kuchukua wawili watatu kati yao, mmoja wa jiwe na mmoja wa kisu, msikilizaji akaelewa kwamba hawa si malaika wala si kundi moja la magaidi. Nilifanya hivyo. Mhariri akakata, kwa sababu ya muda. Mpira na bibi vikabaki.

Msidhani lawama hii naielekezea London peke yake. Hebu tuangalie sauti zinazotuletea vita hii kwa Kiswahili: BBC ya Uingereza, DW ya Ujerumani, RFI ya Ufaransa, Redio Tehran, TRT Afrika ya Uturuki, na mpaka Machi 2025 ilipofungiwa virago, Sauti ya Amerika. Kila moja ina serikali nyuma yake, na kila mwamba ngoma huivutia kwake. Magazeti yetu hayana mwandishi wa kudumu Jerusalem wala Ramallah. Tehran ikitangaza, Waisraeli hawana nyuso. Waliouawa 7 Oktoba, watu wapatao 1,200, wanakuwa kivuli tu cha "operesheni", na watu 251 waliobebwa wanageuka mtaji. Ukihama masafa unakuta nyuso zimehamia upande wa pili. Msikilizaji wa Tandahimba au Malindi anachagua kituo kama anavyochagua timu.

Wahusika wenyewe nao wamejifunza kuandaa picha. Januari na Februari 2025 Hamas walijenga majukwaa, wakawapandisha mateka wapunge mkono kati ya watu waliofunika nyuso, wakawapa vyeti. Tarehe 20 Februari wakapanga jukwaani majeneza, mawili yakiwa ya watoto wadogo. Umoja wa Mataifa ukalaani. Siku tano kabla ya hapo Israel ilikuwa imewavalisha wafungwa waliokuwa wanatoka fulana zenye nyota ya Daudi na maandishi ya Kiarabu kwamba hawatasahau wala hawatasamehe. Wakati huohuo waandishi wa kigeni hawaruhusiwi kuingia Gaza isipokuwa wakiongozwa na jeshi, Al Jazeera ilifungiwa Israel Mei 2024, mdhibiti wa kijeshi anapitia habari za usalama kabla hazijachapishwa, na kufikia Agosti 2025 kamati ya kulinda wanahabari, CPJ, ilikuwa imehesabu karibu wanahabari 200 waliouawa, karibu wote Wapalestina. Mwandishi aliyeko Gaza akifa, tunachobaki nacho ni jukwaa la Hamas na fulana ya magereza.

Kuna majina mawili ambayo yalipaswa kutufanya sisi tuandike tofauti na wote hao. Clemence Mtenga wa Rombo na Joshua Mollel wa Simanjiro walikwenda Israel pamoja na vijana wengine zaidi ya mia mbili wa Kitanzania kujifunza kilimo cha kisasa. Clemence alikuwa Nir Oz, Joshua alikuwa Nahal Oz. Joshua alikuwa na wiki chache tu nchini. Tarehe 7 Oktoba wote wawili wakapotea. Novemba ikathibitika Clemence ameuawa, akarudishwa akazikwa kwao Kilimanjaro. Desemba ikathibitika Joshua naye aliuawa siku ileile, mwili ukiwa Gaza.

Ukabaki huko zaidi ya miaka miwili. Kwenye taarifa za kimataifa alikuwa mstari wa mwisho: "na raia wa kigeni". Huku nyumbani alikuwa habari kwa wiki mbili, halafu mjadala ukarudi kwenye bendera za daladala. Nilishuhudia watu wakitupiana maneno juu ya kifo chake kama ushahidi wa hoja zao, wa huku na wa kule, na mzee Mmasai aliyempoteza kijana wake akiwa hajui azike nini. Vijana wale hawakuwa na upande katika mgogoro ule. Walikwenda kujifunza kulima.

Mwili wa Joshua ulikabidhiwa tarehe 5 Novemba 2025, chini ya makubaliano yaliyoanza Oktoba: mateka 20 walio hai kwa wafungwa karibu elfu mbili, kisha maiti kwa maiti, 15 za Wapalestina kwa kila moja iliyorudi Israel. Kesho yake Israel ikarudisha Gaza miili 15. Ilipelekwa hospitali ya Nasser, Khan Younis, kama mingine iliyotangulia, mahali ambapo madaktari hawana vifaa vya vinasaba, hivyo wanapiga picha za meno, nguo na makovu, wanaziweka wazi, na familia zinapita kutazama kama kuna mtu wao. Mingi ya miili iliyorudi kwa njia hiyo ilizikwa bila jina.

Siku tano baada ya Joshua kurudishwa, tarehe 10 Novemba, Bunge la Israel lilipitisha katika usomaji wa kwanza, kwa kura 39 dhidi ya 16, muswada wa adhabu ya kifo kwa ugaidi, ukisukumwa na waziri Itamar Ben-Gvir. Hoja ya watetezi wake ni rahisi kuielewa ukishakijua kisa cha Sinwar: aliyenyongwa habadilishwi na mtu. Naielewa, lakini haina mashiko hata kwa vipimo vyao wenyewe. Julai 2008 walitoa watu hai kwa majeneza. Septemba 2019 Mahakama Kuu yao iliruhusu jeshi kushikilia maiti za Wapalestina kwa ajili ya mazungumzo ya baadaye, na zipo zilizofukiwa miaka mingi kwenye makaburi yenye namba badala ya majina. Na siku moja tu kabla ya kura ile, tarehe 9 Novemba, Hamas walikuwa wamerudisha mwili wa Hadar Goldin, ofisa wa jeshi la Israel. Aliuawa Rafah tarehe 1 Agosti 2014, na kwa miaka 11 maiti yake ilikuwa ikidaiwa bei.